Sehemu ya Kwanza na Sehemu ya Pili: Kwa Nini Bado Ninatafuta Santuri za Wanyika

Hotuba iliyotolewa Tanga mbele ya wapenzi wa muziki wa dansi wa zamani

Mheshimiwa Mwenyekiti, wazee wangu mliocheza rumba kabla sisi hatujajua kutembea, dada zangu na kaka zangu, shikamooni kwa wanaostahili, na habari za jioni kwa wote.

Nimeombwa nijibu swali ambalo wengi wenu mmekuwa mkiniuliza pembeni, tena wengine kwa kicheko. Ikiwa nyimbo za bendi ninayoipenda, Simba Wanyika, zinapatikana katika CD chache zinazoenea kwenye mfuko wa shati, inakuwaje mtu mzima, mwalimu wa hisabati aliyestaafu, anapanda basi hadi Mombasa na wakati mwingine hadi Nairobi, anapiga magoti mbele ya masanduku yenye vumbi, na kurudi nyumbani na santuri zilizokwaruzika? Mke wangu naye amewahi kuliuliza swali hilo, kwa maneno ambayo hayafai kurudiwa mbele ya wazee.

Nitatanguliza jibu ili mwenye haraka ya kuwahi Isha asiondoke mikono mitupu. Katika nchi zenye biashara kubwa ya muziki, utepe uliorekodiwa studio kwa kawaida hutunzwa ghalani, na santuri na CD huwa ndugu wawili waliozaliwa na utepe huo mmoja, hivyo mtu anaweza kubishana usiku kucha ni ndugu gani mwenye sauti nzuri zaidi. Kwa bendi zetu nyingi hali ni tofauti kabisa. Utepe ulipotea, au ulifutwa ili urekodiwe kitu kingine, au haujulikani uko kwa nani, na kilichobaki ni ile sahani nyeusi iliyofyatuliwa kiwandani Nairobi. Kwa hiyo tunaposema "santuri au CD" juu ya bendi hizo, mara nyingi hatulinganishi ndugu wawili, bali tunalinganisha asili na nakala yake.

Bendi ninayoizungumzia asili yake ni hapa hapa kwetu. Wilson Peter Kinyonga na mdogo wake George walianzia katika Jamhuri Jazz ya Tanga, wakaenda Arusha mwaka 1970 na kuunda Arusha Jazz pamoja na ndugu yao William, kisha mwaka 1971 wakavuka mpaka na kuingia Mombasa, ambako bendi ilipata jina la Simba Wanyika. Baadaye walihamia Nairobi, kwa sababu huko ndiko zilikokuwa studio, kampuni za santuri na kiwanda cha kuzifyatua. Mwaka 1978 bendi iligawanyika. Omar Shabani, mpigaji wa gitaa la rithimu ambaye wenzake walimwita Profesa, alitoka pamoja na Tom Malanga wa besi na Rashid Juma wa ngoma, wakaunda Les Wanyika, na mwimbaji John Ngereza akaungana nao. Muda mfupi baadaye ukatoka wimbo "Sina Makosa", ambao sina haja ya kuueleza katika ukumbi huu. Naye mwimbaji Issa Juma akaja kuwa na Super Wanyika Stars yake. Ndugu Kinyonga wenyewe walirekodi pia kwa jina la Orchestra Jobiso. Ninayataja majina haya yote kwa makusudi, kwa sababu huko mbele yatatuletea taabu.

Mimi nilikuwa mtoto, tukiishi Ngamiani. Mpaka wa Tanzania na Kenya ulifungwa mwaka 1977 na haukufunguliwa tena hadi mwaka 1983, na watoto wa leo hawawezi kujua maana ya jambo hilo kwa mji kama Tanga, ambao Mombasa kwake ni jirani wa kupelekeana vitumbua. Sauti ya vijana wetu wenyewe waliokwenda kutafuta riziki ilikuwa ikifyatuliwa Nairobi, nasi tukiisikia kwa kuviziavizia redio usiku. Mjomba wangu alikuwa akifanya kibarua Mombasa, na alipopata njia ya kuja kutusalimia, ambayo sitaieleza kwa kuwa ofisa mstaafu wa forodha ninamwona amekaa pale safu ya pili, alibeba kikapu chenye doti tatu za kanga. Mama alizikunjua kanga akitafuta jina, yaani maandishi ya chini, na katikati ya doti ya pili ikateleza santuri ndogo ya Simba Wanyika, bila jalada, imefungwa kwa karatasi ya gazeti. Mama akasahau kusoma kanga.

Santuri ile tuliipiga mpaka majirani wakaijua kwa moyo. Mwisho wake ulikuwa wa kusikitisha: dada yangu aliiacha dirishani saa saba mchana, na jua la Tanga likaikunja kama chapati iliyoachwa pembeni mwa chuma. Baba aliiweka kati ya vioo viwili na kuikandamiza kwa mawe, ikanyooka kiasi, lakini kuanzia siku hiyo sindano ilikuwa ikiruka mstari mmoja wa ubeti wa kwanza. Mpaka leo nikiuimba wimbo ule ninauruka mstari huo bila kujitambua.

Basi, CD zilipoenea madukani kwetu, mimi nilikuwa wa kwanza kuzishangilia. Sikuwa na chuki nazo hata chembe. Nilinunua CD iliyoandikwa juu yake "Les Wanyika, Nyimbo Bora", katika kituo cha mabasi ambacho sitakitaja, kutoka kwa kijana ambaye sina ugomvi naye. Nilifika nyumbani, nikafunga mlango, nikaketi. Wimbo wa kwanza ulikuwa wa Les Wanyika kweli. Wa pili ulikuwa wa Simba Wanyika. Wa nne ulikuwa "Sigalame", ambao ni wa Issa Juma na Super Wanyika Stars, na ambao hadi leo watu wengi huapa kwamba ni wa Les Wanyika kwa sababu tu CD za aina hiyo ndizo zilizowafundisha. Wimbo wa utotoni ulikuwa wa sita. Nikausikiliza na mstari uliorukwa ukarudi, nami nikafurahi sana, lakini furaha hiyo haikufika mwisho wa wimbo. Katika sehemu ya pili kuna mahali ambapo magitaa mengine hunyamaza na kuliacha la rithimu likitembea peke yake na ngoma, halafu besi huingia taratibu kama mtu anayepiga hodi. Nilikuwa nimepasubiri mahali hapo kwa miaka zaidi ya ishirini. Sauti ilianza kupungua, ikapungua, ikafifia kabisa, na wimbo wa saba ukaanza. Aliyeitengeneza CD aliona dakika tano zinatosha.

Hapo ndipo nilipoanza kuisikiliza CD kama mwalimu anayesahihisha daftari. Niligundua kwamba, kabla ya gitaa la kwanza kuingia, kulikuwa na mchakarisho mwembamba, kama mtu anayekanyaga majani makavu mbali. CD haina sindano wala vumbi la kukanyaga, hivyo mchakarisho ule ulikuwa umeingia na mgeni. Kisha nikasikia "tiki", halafu "tiki" nyingine, kwa vipindi vilivyo sawa. Nikachukua saa ya mkononi na kuhesabu. Santuri ndogo huzunguka mara 45 kwa dakika, na hivyo mkwaruzo mmoja uliokata upande wote husikika mara kumi na moja na robo katika sekunde 15. Santuri kubwa, yaani LP, huzunguka mara 33 na theluthi, na mkwaruzo wake husikika mara nane na kidogo katika muda huohuo. Mimi nilihesabu kumi na moja. Nikarudia, nikapata kumi na moja. Ndugu zangu, nilikuwa nimenunua CD ili niepukane na santuri iliyokwaruzika, kumbe ndani ya CD ile mlikuwa na santuri ya inchi saba iliyokwaruzika, ya mtu nisiyemjua, isiyo na lebo, isiyo na upande wa pili kamili, na isiyoweza tena kuoshwa.

Naomba nikae kidogo hapa kwenye suala la upande wa pili, kwa sababu ndilo kiini cha mambo, na vijana wanaosikiliza muziki huu kwenye simu hawana namna ya kulijua. Upande mmoja wa santuri ndogo hubeba vizuri dakika nne, pengine tano. Ukitaka kubana zaidi itabidi mifereji, yaani ile mistari ambamo sindano hupita, isogeleane, na mifereji ikisogeleana, besi na ukubwa wa sauti lazima vipunguzwe, kwa maana besi ndiyo inayoifanya mifereji iyumbe sana na kuhitaji nafasi. Lakini bendi zetu zilikuwa bendi za ukumbini, na wimbo wa ukumbini ulihitaji dakika nane au tisa ili watu wainuke, wapate wa kucheza naye, na watokwe jasho. Basi wimbo ulikatwa vipande viwili, na lebo ikaandikwa sehemu ya kwanza upande huu na sehemu ya pili upande huu mwingine. Upande wa kwanza ulibeba maneno: malalamiko ya mapenzi, nasaha, jina la mwanamke anayeombwa arudi. Upande wa pili ulibeba chemko, ambapo waimbaji hupungua na magitaa hushika usukani, na mmoja wao akiwataja wenzake kwa majina ili tujue ni nani anayetutesa kwa utamu ule.

Mtu aliyezizoea santuri anaweza kuiona tofauti hii kwa macho kabla hata ya kuipiga. Nimeleta kumi na mbili mezani hapa. Baadaye mje mzitazame kwa kuziinamisha chini ya taa, lakini tafadhali mzishike kwa ukingo. Upande wa kwanza wa nyingi kati yake bado unang'aa kama nywele zilizopakwa mafuta ya nazi. Upande wa pili umepauka, umekuwa wa kijivu, kwa sababu huko ndiko sindano ilikorudishwa tena na tena na watu waliokuwa wakicheza. Mbili kati yake zimechongwa tundu la katikati likapanuka, na moja ina namba iliyoandikwa kwa wino mweupe juu ya lebo. Ninakisia kwamba zilipita kwenye mashine za baa, zile za kutumbukiza sarafu na kuchagua wimbo. Moja ina jina la mwenyewe, kwa mwandiko wa shule wa zamani, na chini yake neno "isiazimwe". Hakuna CD iliyowahi kunieleza mambo hayo, na sioni namna ambayo ingeweza.

Halafu kuna lebo yenyewe, karatasi ya duara isiyofika upana wa kiganja. Juu yake kuna jina la bendi kama lilivyokuwa siku ile, jina la wimbo, namba ya toleo, na, kwenye mabano chini ya jina la wimbo, jina la mtunzi. Nimewaambia kwamba wanamuziki haohao walirekodi kwa majina ya bendi tofauti, na kwamba CD za mitaani huyachanganya majina hayo kama mchele na choroko. Anayetaka kujua ni nani aliyetunga, na katika bendi gani, hana shahidi mwingine wa karibu zaidi ya karatasi hiyo. Jambo hili halihusu ushabiki tu. Mtoto wa mwanamuziki anayedai mirabaha ya baba yake leo, baada ya kampuni kufungwa na makaratasi yake kutoweka, anaweza kukuta kwamba maandishi pekee ya wakati ule yanayolitaja jina la baba yake karibu na wimbo wake yamo kwenye santuri iliyo uvunguni mwa kitanda cha mtu asiyemjua. Na lebo ikitoka, kwenye ile sehemu laini iliyo kati ya mfereji wa mwisho na karatasi huwa kumechongwa namba ndogo, wakati mwingine kwa mkono kabisa, ambayo kiwanda kiliitumia kutambua upande. Huonekana ukitumia kioo cha kukuza na subira.

Sasa nisije nikaonekana kuitukuza santuri kupita kiasi. Si kila santuri ni asili. Mfano ulio wazi ni wa marehemu Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro Jazz na baadaye Super Volcano, aliyefariki katika ajali ya gari Mombasa mwezi Januari 1979. Baada ya kifo chake zilitolewa LP za mfululizo ulioitwa Ukumbusho, ambazo zilikusanya nyimbo zilizokuwa zimetoka zamani. LP hizo ninazipenda na ninazo kadhaa, lakini ni mkusanyiko, kama CD ilivyo mkusanyiko, tofauti ni kwamba ulikusanywa mapema na karibu zaidi na chanzo. Anayelipa fedha nyingi kwa LP ya aina hiyo akidhani amepata toleo la kwanza la wimbo amedanganyika, na wauzaji wengine hawana haraka ya kumsahihisha.

Wala si kila bendi ina santuri za kutafuta. Bendi zilizobaki huku Tanzania zilirekodi zaidi Radio Tanzania Dar es Salaam, kwenye tepu kubwa za studio, na nyimbo nyingi sana zilipigwa redioni miaka nenda rudi bila kupata kuwa santuri. Kwa hizo, asili ni tepu ya redio, na anayetafuta santuri yake atatafuta mpaka azeeke. Hali hii ya asili kubaki kwenye sahani inazihusu zaidi bendi zilizokwenda kuishi Kenya, na Wanyika ni mfano wake mkubwa.

Na CD pia ina haki zake, ambazo mimi mwenye kuilalamikia ndiye ninayepaswa kuzitaja kwanza. CD haichakai kwa kupigwa, ilhali santuri hupoteza chembe ya uhai kila sindano inapopita, hasa sindano iliyochoka, na kwetu sindano mpya ni bidhaa ya kuagiza kwa mtu anayesafiri. CD iliyotengenezwa kwa uangalifu, na mtu aliyetafuta santuri safi, akaiosha vizuri na kuunganisha sehemu mbili bila kuacha wimbo ufifie katikati na kurudi tena kama mtu aliyesinzia, ni kazi ya heshima. Mfululizo wa Zanzibara uliotolewa na Buda Musique ya Ufaransa ni wa aina hiyo: unapata picha, maelezo ya bendi na majina ya wanamuziki, na mengine ndani yake nisingeyajua kwa kutazama lebo mia. Tena kuna CD ambayo hata kwa kipimo changu mwenyewe ni asili. Mwaka 1992 Simba Wanyika walitoa albamu ya "Pepea" kwa kampuni ya Uholanzi, ikiwa imerekodiwa kwa ajili ya CD, na George Kinyonga akafariki mwishoni mwa mwaka huohuo. Wilson naye alifariki mwaka 1995. Nilipoisikia mara ya kwanza nilishtuka kuisikia besi yao bila pazia, na nikajiuliza muziki wao wote ungesikika namna gani kama tepu zao zingetunzwa.

Kwa hiyo lawama yangu haiiangukii CD kama chombo. Kinachoniudhi ni imani kwamba CD ikishapatikana, santuri imemaliza kazi yake na inaweza kutupwa. Imani kama hiyo ilikwisha kutugharimu tangu enzi za kaseti. Kaseti bandia zilipofurika miaka ya 1980, biashara ya santuri ilianguka, kampuni za nje zilizokuwa Nairobi zikaondoka, na familia nyingi zikaziona sahani zile kuwa uchafu. Nimeona kwa macho yangu santuri zikitumiwa kufunika mitungi. Nimeona moja imepashwa moto na kukunjwa ukingo ili iwe bakuli la kuwekea maua, na mwenyeji wangu akanionyesha kwa fahari. Nikanywa chai yake, nikamsifia maua. Zilizosalia zinapungua kila mwaka, kwa kuwa wakusanyaji wa santuri kutoka Ulaya na kwingineko huja, hununua kwa mkupuo, na kuondoka nazo. Siwalaumu, wao ndio waliozithamini wakati sisi tunafunikia maji, na baadhi yao ndio waliotutengenezea hizo CD nzuri. Ila mnunuzi wa mkupuo hamuulizi muuzaji kwamba santuri hii ilikuwa ya nani, ilipigwa wapi, na kwa nini upande mmoja umepauka.

Nairobi bado mtu anaweza kutafuta. Melodica, duka la muziki la Tom Mboya Street lililoanza mwaka 1971, liliwahi kuwa na lebo yake lenyewe, na kwa mpenzi wa santuri ndogo kuingia mle ni kama mtoto kuingia duka la peremende. Katika Kenyatta Market, katikati ya wasusi na wachoma nyama, kuna kibanda cha santuri ambacho nimekipotezea saa nyingi na fedha ambazo sitazitaja, kwa sababu iliyo wazi. Lakini nyingi za kwangu nimezipata majumbani, kwa wajane hasa, na hapo kuna adabu yake. Huingii nyumbani kwa mama wa watu ukaanza kupekua. Unakaa, unauliza habari za marehemu, unaulizwa habari za kwenu, na santuri ikitoka mvunguni unaipiga kwanza pale pale, kama kuna namna, ili mwenyewe aisikie mara moja ya mwisho. Mara mbili imetokea kwamba, baada ya kuisikia, mama amekataa kuuza. Nimeona haki.

Nizungumzie uhifadhi kwa kifupi, kwa kuwa nimeulizwa. Pwani yetu ina maadui wawili, joto na unyevu. Santuri isimamishwe wima, isilazwe ikabebeshana uzito. Isikae dirishani, kwa sababu niliyokwisha kuieleza. Jalada la karatasi lililoota ukungu libadilishwe, lakini lisitupwe kama lina maandishi. Vumbi huoshwa kwa maji safi yenye tone la sabuni ya vyombo na kitambaa laini, kwa kufuata mzunguko wa mifereji, huku lebo ikiachwa kavu. Kuhusu CD, tofautisheni ile ya kiwandani na ile iliyochomwa kwenye kompyuta, ambayo ndiyo iliyojaa mitaani kwetu. Ile ya kuchomwa huandikwa kwenye tabaka la rangi, na rangi hiyo hufifia kwa joto na mwanga. Ile CD yangu ya kituo cha mabasi ilidumu miaka saba, kisha siku moja mashine ikaizungusha, ikaizungusha, ikaitema. Santuri ya mjomba, pamoja na kukunjika kwake, ningeipiga mbele yenu usiku huu kama isingekuwa imezikwa, kwa namna ya kusema, katika kuhama nyumba mwaka 1989.

Ombi langu kwa wenzangu wenye santuri ni hili moja. Wapo kati yetu wanaozifungia kabatini kwa kufuli na kujisifu kwamba ni wao peke yao walio nazo. Kama nilichosema ni kweli, kwamba santuri hizi ni asili na si mapambo, basi anayeifungia anafanya jambo lilelile lililofanywa na waliopoteza tepu. Mimi nimeanza kuzinakili zangu, pande zote mbili kamili, bila kufifisha chochote, na kila moja ninaipiga picha ya lebo zote mbili na kuandika namba iliyochongwa. Mwenye vifaa vizuri kuliko vyangu ninamkaribisha, na mwenye santuri ninaweza kumfuata nyumbani, hata akiwa Pangani au Lushoto.

Namalizia na hii niliyoishika. Niliipata mwaka jana ndani ya sanduku la vyombo, na unyevu ulikuwa umezila lebo zote mbili, hakuna hata herufi. Namba iliyochongwa inasomeka nusu tu, na nusu hiyo sijaikuta popote. Gitaa la rithimu lina mwendo ninaodhani ninaujua, lakini mwimbaji sina hakika naye, na katika upande wa pili anataja majina mawili ambayo sindano inayapitia kwa shida. Sijawahi kuusikia wimbo huu katika CD yoyote. Ndugu fundi, tafadhali tuwashie ile pleya, uanze na sehemu ya pili. Na mzee yeyote aliyewahi kuucheza, au anayezitambua sauti hizi, naomba ainue mkono bila kusubiri wimbo uishe.